Mstari Mfu

Kilianguka Jumanne ndani ya ndoo ya mukene,
kidaftari changu cha umeme,
kile nilichokinunua kwenye mnada
shirika la wakimbizi lilipofunga ofisi
likauza hata vitasa vya milango.
Miaka minne kiliniamkia kila asubuhi
kwa jina la mtu mwingine: Karibu, Henning.
Nami nikaitika. Nilikwisha kuzoea.

Sasa kioo kimeingia ukungu, hakisemi.
Na soko la Arua halina siri.
Kabla ya saa nne Letasi kaja kunipa pole,
Ondoma na mkewe wamekuja kunipa pole,
mwenye hoteli, asiyenisalimu tangu Pasaka,
kaja na chai.
"Eti kimekufa kabisa?"
Sauti ya matanga, macho ya harusi.

Wote wamo mle ndani.
Angara wa mwezi wa tatu, muziri wa Krismasi,
nusu gunia, nitalipa Ijumaa.
Ijumaa gani, hawakusema.

Nikakipeleka kwa Anguzu, nyuma ya duka la betri.
Akakifungua kwa bisibisi nyembamba kama mwiba wa samaki,
akapuliza, akatoa magamba mawili,
akanusa, akacheka.
"Mama Driciru, elfu arobaini na tano, na siahidi.
Au nunua simu, laki moja na themanini,
ina kila kitu, hata tochi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Wahenga hawakuuliza bei ya saruji.
Kununua ni karo ya Driciru, muhula mzima.
Kutengeneza ni faida ya wiki mbili,
mvua isiponyesha, lori la Panyimur lisipokwama.
Na kukiacha kife
ni laki tatu na kitu mikononi mwa watu
ambao, tuseme kweli,
nusu yao hawatalipa hata kidaftari kikiimba.

Halafu kuna hili, ambalo sikulitamka:
Anguzu mwenyewe yumo.
Elfu thelathini, sangara wa matanga ya baba yake.
Ameshika roho ya deni lake kwa koleo.
Akisema haponi, nitajuaje?
Daktari ndiye mrithi.
Nikakiacha pale mezani kwake, nikaenda zangu,
nikageuka mara mbili.

Usiku nilijaribu kuwahesabu kwa kichwa.
Walikuja kwa samaki, si kwa majina:
yule wa vichwa tu, yule anayevunja mkia auonje kwanza,
yule anayemtuma mtoto ili nione haya kukataa.
Nilifika kumi na saba, usingizi ukanichukua.

Alhamisi umeme ukaja saa moja jioni,
ule unaoondoka bila kuaga,
na mtoto akaja nao mbio: fundi anakuita.
Kioo kilikuwa kinawaka.
Karibu, Henning.
"Toa ile thelathini unayonidai," Anguzu akasema,
macho hayakutoka kwenye moshi wa risasi anayoyeyusha,
"nipe kumi na tano, tumemalizana."

Nikainamia mkoba, nikatafuta chenji
niliyokuwa nayo mkononi.

Kasoro imebaki moja.
Mstari mmoja wa kioo umekufa, wa saba kutoka juu,
mweusi, umenyooka kama utepe wa msiba.
Jina likifika pale halisomeki.
Nikisogeza kwa kile kikalamu kisicho na wino
Letasi anafunikwa, anafunuliwa,
Ondoma anafunikwa, mkewe anabaki nje peke yake,
mwenye hoteli anapita gizani na chai yake.

"Nikubadilishie kioo?"
"Shilingi ngapi?"
Akaitaja. Tukacheka wote wawili.

Nikasogeza tena, polepole,
mpaka jina lake likakaa sawasawa chini ya ule weusi,
nikazima.